Je, Wajua? Busha Haliletwi na Madafu

Ukanda wa Bagamoyo hadi Pangani, wapo bado wanaoamini kuwa busha hutokana na kunywa madafu mengi. Dafu linasingiziwa tu. Mwenye kosa ni mbu, anayeambukiza minyoo iitwayo *Wuchereria bancrofti*.

Minyoo hiyo hujichimbia kwenye mishipa ya limfu, ile inayokusanya majimaji mwilini na kuyarudisha kwenye damu. Jike hufikia sentimita 8 hadi 10, mwembamba kama uzi wa cherehani, na huweza kuishi humo miaka 6 hadi 8. Taratibu mishipa inatanuka, vali zake zinaharibika, majimaji yanakosa njia. Mguu unavimba ukawa tende, au korodani zinazungukwa na maji: ndilo busha.

Vijiminyoo vichanga navyo vina saa zao. Hujitokeza kwa wingi kwenye damu usiku, mbu wanapouma, ndiyo maana wapimaji walizoea kutoa watu damu usiku wa manane.

Makunduchi, Unguja, watafiti waligawa dawa, kisha wakamwaga vyooni punje nyeupe za plastiki, aina ile inayofungia televisheni mpya. Zikaelea juu ya maji, mbu wakakosa pa kuzaliana. Ujanja wa bei nafuu kweli!

Tanzania Bara ilianza ugawaji wa ivermectin na albendazole kisiwani Mafia mwaka 2000. Vidonge hivyo huua vichanga zaidi kuliko wakubwa, kwa hiyo humezwa kila mwaka. Busha lenyewe huondolewa kwa upasuaji.