Kichujio cha Kijivu na Maji ya Ghuba ya Mwanza

Mpiga picha afanyaye kazi ufukoni Mwanza wakati wa adhuhuri hupambana na mwanga uliozidi kiasi. Ili kuupunguza, huweka kichujio cha kijivu mbele ya lenzi. Chenye alama ya 0.3 hupitisha nusu ya mwanga, cha 0.6 hupitisha robo, cha 0.9 hupitisha sehemu moja katika nane. Sharti lake ni moja: kila rangi ipunguzwe kwa uwiano ule ule. Kikizuia buluu kuliko nyekundu, picha nzima huelekea wekundu. Aidha, vichujio vingine huzuia mwanga uonekanao lakini huiacha miale ya infraredi ipite. Kamera ya kidijiti huihisi, na nguo nyeusi huonekana ya kahawia.

Ziwa Victoria nalo ni kichujio, ila si cha kijivu. Maji yenye tope na mwani humeza kwanza mawimbi mafupi, yaani buluu. Kadiri kina kinavyoongezeka, ndivyo mwanga unaobaki unavyoelekea njano na nyekundu.

Jambo hili lina uzito kwa viumbe wa ziwani. Miongoni mwa furu wa majabalini zipo spishi mbili zinazokaribiana: Pundamilia pundamilia, ambaye dume lake lina rangi ya buluu, na Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Julius Nyerere, ambaye dume lake lina mgongo mwekundu. Jike huchagua dume kwa rangi. Mwaka 1998 Ole Seehausen na Jacques van Alphen walieleza jaribio lao: katika mwanga mweupe majike walichagua madume wa aina yao, katika mwanga uliofanya rangi hizo zifanane, mara nyingi hawakubagua.

Ziwani hali ni hiyo hiyo. Kisiwani Makobe, penye maji maangavu zaidi, spishi hizo hutambulikana wazi. Luanso, penye maji ya tope, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2008 ulikuta furu waliochanganyika, wengi wakiwa na rangi za katikati. Kwa hiyo udongo unaomomonyoka mashambani, pamoja na mbolea na maji machafu yanayostawisha mwani, huweza kufuta mpaka kati ya spishi bila kuua samaki hata mmoja.

Mwanafunzi aweza kujihakikishia. Atazame karatasi ya buluu na nyekundu kupitia gilasi ya chai ya rangi, kisha aeleze ni ipi iliyogeuka kuwa nyeusi, na kwa nini.