KUPONA HOMA SI KUPONA MAPAFU

Mkulima akishikwa na homa ya mafua hulala siku tatu au nne, hunywa chai ya moto, jasho humtoka, kisha huamka. Homa imekwisha na hamu ya chakula imerudi, basi hushika jembe. Lakini wako wengine ambao homa yao imekwisha na pumzi haijarudi. Mtu hulima mistari miwili tu, husimama, huegemea mpini akihema. Majirani husema amekuwa mvivu. Mara nyingi huo si uvivu, ni mapafu ambayo hayajapona. Yafaa tulieleze jambo hili vizuri, maana nyumba ambayo mlimaji wake amekosa pumzi wakati wa mvua za Machi hukosa mavuno mwezi wa Agosti.

Mapafu yalivyo

Fikiri mti uliopinduliwa, shina juu na matawi chini. Shina ni koo la hewa. Hugawanyika matawi mawili, moja la kila pafu, kisha vijitawi vingi, na mwisho wa vijitawi hakuna majani bali vifuko vidogo vya hewa. Mtu mzima ana vifuko hivyo milioni 300 au zaidi. Ngozi yake ni nyembamba mno, na hapo ndipo hewa safi huingia katika damu na hewa chafu hutoka.

Virusi vya mafua, vya surua au vya korona vikiingia kifuani, hujificha ndani ya ngozi hiyo, huzaana humo na kuiharibu. Mwili nao hupigana, na katika vita hivyo vifuko hujaa maji. Vita ikiisha, mwili huanza kutengeneza palipobomoka. Kwa watu wengi kazi hiyo huenda vizuri, na mapafu hurudi kama zamani. Lakini pale palipoumia sana mwili hutia kiraka, yaani kovu. Kila mkulima analijua kovu la jembe mguuni: ni gumu na halivutiki kama ngozi ya kawaida. Kovu la ndani ya pafu ni vivyo hivyo. Halitanuki mtu avutapo pumzi, wala hewa haipiti ndani yake.

Kuna madhara mengine mawili. La kwanza, vijitawi vya hewa huweza kuwa vyembamba, na kifua kikalia kama filimbi. La pili, matawi huweza kulegea na kutanuka, makohozi yakatuama humo. Wakulima wa mpunga wa Ahero watafahamu upesi: mtaro ukibomoka maji hayaendi, uchafu hukaa pale pale na kuoza. Ndivyo mtu wa namna hii anavyoamka kila asubuhi na kikohozi cha makohozi mengi, na kila baridi ikija anaugua tena.

Yaliyotokea huku kwetu

Nchi ya ziwani inayajua magonjwa ya kifua tangu zamani. Mafua makubwa ya mwaka 1918, yaliyoua mamilioni ya watu duniani, yaliingia Kenya kwa njia ya Mombasa na kufuata reli, na reli hiyo ilikuwa imefika Kisumu tangu mwaka 1901.

Kisha ikaja korona. Mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Mwezi wa Mei 2021 virusi vya namna iitwayo Delta vilionekana Kisumu. Tarehe 17 Juni 2021 Serikali ilitangaza amri kwa kaunti 13 za ukanda wa ziwa na jirani zake, Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori zikiwamo: watu wasitoke nje kuanzia saa 1 jioni hadi saa 10 alfajiri, na minada ya mifugo isimame siku 30. Wasomaji wengi wa Manyatta, Kondele na Nyalenda wanakumbuka jinsi mboga zilivyonyauka kwa kukosa wanunuzi.

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya hatari ya dunia nzima imekwisha. Lakini waliobaki na upungufu wa pumzi, uchovu na kikohozi hawakupona kwa tangazo. Shirika hilo hilo lilikwisha kueleza, mwezi wa Oktoba 2021, kwamba kuna hali inayobaki baada ya korona: dalili zinazoonekana miezi 3 tangu mtu augue, zikidumu angalau miezi 2, na ambazo haziwezi kuelezwa kwa ugonjwa mwingine. Basi anayelalamika hivyo asiambiwe kwamba anajifanya.

Kuna habari njema pia. Huko Beijing, China, wafanyakazi wa hospitali walioambukizwa ugonjwa wa SARS mwaka 2003 walifuatiliwa kwa miaka 15. Ilionekana kwamba makovu yalipungua hasa katika miaka 2 ya kwanza, na kwa wengi yaliyobaki yalikuwa madogo. Hii ina maana kwamba mapafu hujitengeneza, ila hutaka muda.

Watoto wachanga

Mtoto hudhurika zaidi, kwa sababu njia zake za hewa ni nyembamba na mapafu yake bado yanakua. Surua mbaya huweza kumwachia kifua kibovu maisha yake yote. Virusi viitwavyo RSV huwashika hasa watoto wa chini ya miezi 6, na baadhi yao huendelea kulia filimbi kifuani kwa miaka. Kwa hiyo, mama, usiache chanjo ya surua: ya kwanza mtoto akiwa na miezi 9, ya pili akiwa na miezi 18. Wengi hupeleka ya kwanza na kusahau ya pili.

Mambo ya kufanya

1. Usikisie ugonjwa. Kikohozi cha wiki 2 au zaidi hakina budi kupimwa kifua kikuu kwanza, maana magonjwa haya hufanana. Katika vituo vya Serikali vipimo na dawa za kifua kikuu ni bure. Kukosa pumzi kwaweza pia kutokana na moyo au upungufu wa damu. Daktari ana njia za kutofautisha: kifaa cha kubana kidole kinachopima hewa katika damu, picha ya eksirei, na mashine ya kupuliza.

2. Rudi shambani hatua kwa hatua. Wiki ya kwanza tembea tu uani. Kisha fanya kazi nyepesi, pumzika, fanya tena. Ukiona kazi ya leo imekulaza kesho, punguza. Lakini usilale kitandani miezi, kwani misuli isiyotumika nayo hudhoofika na kuzidisha kuhema.

3. Jifunze kupumua. Pumzi ikikatika, keti, inama mbele kidogo, weka mikono magotini. Vuta hewa polepole kwa pua, kisha itoe kwa midomo iliyobanwa kama mtu apulizaye chai ya moto. Utoaji uwe mrefu kuliko uvutaji.

4. Kimbia moshi na vumbi. Moshi juu ya pafu lenye kovu ni kutia chumvi kwenye kidonda. Acha sigara. Tumia kuni kavu, fungua dirisha la jiko au upike nje, na mgonjwa asikae penye kukaushia samaki kwa moshi. Katika kupura mahindi au kuchoma miwa simama upande upepo unakotoka, na ufunike pua na mdomo.

5. Usinunue dawa ovyo. Dawa za kuua bakteria haziui virusi. Vidonge vya steroidi husaidia wagonjwa fulani wakiangaliwa na daktari, lakini kuvimeza kwa kujiamulia huleta kisukari na kudhoofisha mifupa.

6. Mgonjwa apelekwe hospitali upesi akikosa pumzi naye ameketi, midomo ikigeuka rangi ya samawati, akikohoa damu, akiumwa kifua au akivimba miguu. Mtoto apelekwe akishindwa kunyonya, au mbavu zikiingia ndani akipumua.

Neno kwa jamaa na majirani

Tuchukue mfano wa mume ambaye zamani alilima robo eka kwa siku mbili, na sasa hawezi. Mkewe akibeba kazi zote peke yake atachoka, na mume akiona aibu atajilazimisha na kuanguka. Afadhali kazi zigawanywe upya. Yeye achague mbegu, aangalie kitalu cha sukuma wiki, alishe kuku, aandike hesabu ya mauzo. Kazi nzito iitiwe majirani, kama wazee wa Kijaluo walivyoitana kwa saga, wakalima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho. Asiyeweza kulipa kwa jembe atalipa kwa miche au kwa chakula cha walimaji.

Kadhalika mwarifu Bwana Shamba mapema. Anaweza kukushauri zao lisilotaka kulimwa mara nyingi, na jinsi ya kufunika udongo kwa majani makavu ili palizi ipungue.

Msomaji, kovu la mguuni huonekana, na watu humhurumia mwenye nalo. Kovu la pafu halionekani. Kwa hiyo jirani yako akisimama katikati ya mstari na kuhema, usimcheke. Muulize aliugua lini, mpokee jembe, na kesho mfuate hadi zahanati akapimwe.