Kombe la Cecafa: Kipute kilichoanza kwa hisani ya sabuni

KABLA ya Kombe la Dunia kuanza mnamo 1930, Kenya na Uganda zilikuwa tayari zikimenyana kuwania Kombe la Gossage, lililoanzishwa 1926 kwa udhamini wa watengenezaji sabuni. Baadaye Tanganyika na Zanzibar zikajiunga.

Likaitwa Challenge mnamo 1967, kisha Cecafa 1973, Uganda ikitwaa taji la kwanza. Uganda imelinyakua mara 15. Harambee Stars imeshinda mara saba, tatu kwa mfululizo (1981 hadi 1983), na mwisho 2017 mjini Machakos, ilipoilaza Zanzibar kwa penalti. Visiwa hivyo si mwanachama wa Fifa. Kipute hiki ndicho jukwaa lao adimu.

Ajabu ni kwamba makala ya 2021 yaliachiwa chipukizi wasiozidi miaka 23.