Tuwatoe Watoto Nje: Masomo ya Uwandani na Siha ya Mwanafunzi



Natuihesabu siku moja ya mtoto wa mjini hapa pwani. Huamshwa alfajiri, akaswali, akanywa chai kwa mahamri au kwa mkate wa jana, akapanda tuktuk au matatu. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi alasiri yuko dawatini. Akitoka shuleni huvua sare, akavaa kanzu au buibui, akaelekea chuoni, akaketi tena, safari hii juu ya mkeka. Baada ya magharibi kuna tuisheni. Baada ya isha kuna kazi za shule. Na baada ya hizo, ikiwa mama amechoka na baba hajarudi, kuna simu. Jumamosi na Jumapili, ambazo watoto wengine huzihesabu kuwa siku za mapumziko, chuo huanza asubuhi. Mtoto huyu anaishi hatua chache kutoka baharini, na yamkini wiki nzima hupita asiuone mstari ambapo maji na mbingu hukutana.

Akina mama ndio wa kwanza kuyaona matokeo. Mama mmoja alitujia baada ya darsa akatueleza habari za binti yake wa miaka 12, aliyekuwa hodari wa kuhifadhi, na sasa hukaa na msahafu mbele yake akautazama tu. Analia bila sababu, hapati usingizi, kichwa kinamuuma. Amepelekwa hospitali, macho yamepimwa, damu imepimwa, hapana lililoonekana. Amesomewa pia. Tulimuuliza ni lini mara ya mwisho binti alitembea kwa miguu yake mahali pasipo na kuta. Alifikiri kwa muda kisha akasema, "Tangu abaleghe, maalim, hatoki. Ni shule, chuo, nyumbani."

Hatusemi kwamba kila huzuni ya mtoto huponywa na upepo wa bahari. Yako maradhi ya nafsi yanayohitaji tabibu, na kuyaficha kwa kuogopa maneno ya watu ni kumdhulumu mtoto. Tunalosema ni kwamba wengi wa watoto hawa si wagonjwa, wamechoka kuketi. Na dawa ya kuchoka kuketi haiuzwi dukani.

Wanazuoni wetu waliliona jambo hili kabla ya kuwako shule za leo. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, ameandika katika Ihya Ulum al-Din, pale anapozungumzia malezi ya watoto, kwamba mtoto akitoka chuoni aachiwe acheze mchezo mzuri apumzike na taabu ya masomo, kwani kumnyima mchezo na kumlemea kwa kusoma daima kunaufisha moyo wake, kunaizima akili yake, na kunamtia chuki ya maisha hata atafute hila za kuikimbia elimu. Akaongeza kwamba azoeshwe kutembea na kuushughulisha mwili sehemu ya mchana, asije akatawaliwa na uvivu. Watu wa Makka nao, kabla ya Uislamu, walikuwa wakiwapeleka watoto wao wachanga kulelewa jangwani, wapate hewa safi, miili imara na lugha fasaha. Ndivyo Mtume wetu (s.a.w.) alivyolelewa na Bibi Halima katika Banu Saad.

Waliofanya utafiti zama hizi wamefika karibu na hapo kwa njia yao. Katika mji wa Guangzhou nchini China, shule 12 za msingi ziligawanywa mafungu mawili. Fungu moja liliongezewa dakika 40 za somo la nje kila siku ya shule, jingine likaachwa kama lilivyokuwa. Baada ya miaka 3, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015, takriban asilimia 40 ya watoto wa fungu la pili walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, na kwa wale waliotolewa nje ilikuwa takriban asilimia 30. Hawakupewa dawa wala miwani. Walipewa mwanga wa jua. Taiwan tangu mwaka 2010 inazihimiza shule ziwatoe watoto nje dakika 120 kwa siku kwa sababu hiyo hiyo. Sisi tunaowasomesha watoto maandishi yenye nukta na irabu ndogo ndogo, mara nyingi chini ya balbu moja, tulipaswa kulifikiria jambo hili zamani.

Kuhusu utulivu wa akili, utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 2009 uliwachukua watoto wenye shida ya kutulia wakatembea dakika 20: siku moja katika bustani yenye miti, siku nyingine katikati ya mji, siku nyingine mtaani kwenye nyumba. Baada ya bustani, walizingatia vizuri zaidi. Watoto walikuwa 17 tu, kwa hivyo hatuujengei ghorofa juu yake. Hata hivyo, mwalimu yeyote aliyewahi kusomesha wanafunzi waliotoka uani na wanafunzi waliotoka darasa jingine anaujua ukweli wake.

Hapa tufafanue maana. Tunaposema masomo ya nje hatukusudii pikiniki, watu wakala biriani, wakapiga picha, wakarudi. Wala hatukusudii zile safari za shule za kwenda Nairobi ambazo mzazi huuza alicho nacho alipie, ilhali mtoto huyo huyo hajawahi kuingia Fort Jesus. Tunakusudia somo lile lile lililo katika mtaala, litolewe pale ambapo kitu chenyewe kipo. Mtaala wa umilisi ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019 unataka hivyo, ingawa shule nyingi bado huufundisha kwa karatasi na manila.

Chukueni fimbo iliyonyooka, urefu wa mita 1, muisimamishe uani. Watoto waweke kijiwe kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika 10, kuanzia saa tano na nusu. Wataona kivuli kikifupika, kisha kikirefuka. Kivuli kinapoanza kurefuka, jua limepinduka na wakati wa adhuhuri umeingia. Kiongezeni kile kivuli kifupi urefu wa fimbo yenyewe, na kivuli kikifika hapo, alasiri imeingia kwa madhehebu yetu ya Shafi. Mtoto ambaye miaka yote amesoma nyakati za sala kwenye kalenda ya ukutani, leo amezishika kwa mkono wake. Hesabu imo, jiografia imo, fiqhi imo, na hakuna aliyeketi.

Na kuna ajabu nyingine ambayo ni yetu sisi watu wa Mombasa. Mji wetu upo katika nyuzi 39 na dakika 40 mashariki, na Makka katika nyuzi 39 na dakika 50. Ni kama tumepangwa kwenye mstari mmoja, kwa hivyo kibla chetu ni kaskazini karibu kabisa. Yapata tarehe 28 Mei, saa 6 na dakika 18 mchana, jua huwa juu ya Al-Kaaba barabara. Wakati huo huo, hapa kwetu, kivuli cha ile fimbo ya mita 1 kitakuwa kifupi kuliko wakati wowote wa siku hiyo, nusu mita kasoro kidogo, na kitaangukia kusini. Ukilielekea jua umeelekea kibla. Hurudi tena yapata tarehe 16 Julai, saa 6 na dakika 27. Tumewahi kuwatoa vijana wa chuo kwa somo hili. Kijana aliyekuwa hafungui kinywa darasani, na ambaye tulikuwa tukimdhania mzito, ndiye aliyeuliza mbona mwezi wa Disemba kivuli cha adhuhuri huangukia upande wa pili. Lilikuwa swali la mwanafalaki. Darasani hakuwa amepata pa kuliulizia.

Bahari nayo ni darasa. Mtoto wa pwani hapaswi kufika miaka 10 bila kujua bamvua na maji mafu. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti katika bandari yetu hukaribia mita 4. Katikati ya nyakati hizo hupwa kidogo tu. Kila siku maji huchelewa kiasi cha dakika 50. Siku za bamvua maji hupwa majira ya saa nne au saa tano asubuhi, wakati hasa ambao mwalimu angeweza kuwashukisha watoto mwambani wakaona kaa, viti vya pweza na matumbawe, wakarudi kabla maji hayajageuka. Bibi zetu walikuwa na elimu hii yote bila kitabu. Walijua siku ya kwenda kutafuta kome na pweza kwa kuutazama mwezi tu. Tumeiacha ikazikwa nao.

Yako pia mahali palipokwisha tayarishwa. Gazi, upande wa Kwale, akina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao ndani ya mikoko, na mgeni huongozwa nao. Kijiji hicho hicho kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013, hulipwa kwa kuihifadhi mikoko yao, na fedha zimeingia katika maji na shule. Mtoto akionyeshwa hapo mkoko, mchu na mkandaa, kisha akaambiwa kwamba vyumba vya nyumba za Lamu ni vyembamba kwa sababu ya urefu wa boriti, historia ya nyumba ya babu yake inaingia kichwani bila kukaririshwa. Bamburi nako kulikuwa na machimbo ya saruji, jiwe tupu lisilootesha kitu. Mwaka 1971 ikaanzwa kupandwa mivinje, na majani yake yalipokuwa hayaozi wakaletwa majongoo wayale, wakayageuza udongo. Leo ni msitu. Mtoto aliyekata tamaa kwa matokeo ya mtihani, tungependa aione kazi ya jongoo.

Sasa turudi kwa mabinti, kwa maana hapo ndipo penye uzito.

Kaka akibaleghe huendelea kwenda kucheza mpira ufuoni, akaogelea, akarudi magharibi na mchanga miguuni, na hakuna anayeshangaa. Dada yake hufungiwa mlango. Wazazi wana hofu zao na hatuzidharau: dawa za kulevya zimeharibu vijana wengi katika fuo zetu, viwanja vya wazi vimenyakuliwa vikajengwa, na macho ya watu si mema. Lakini sheria ilitaka stara, haikutaka kuta. Bibi Aisha (r.a.) alishindana mbio na Mtume (s.a.w.) wakiwa safarini, baada ya wenzao kuambiwa watangulie mbele. Stara ilihifadhiwa, na mbio zikakimbiwa. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na halikuwatenga wasichana.

Linalowezekana ni hili. Chuo kitoe Jumamosi moja kwa mwezi, kuanzia saa moja asubuhi, jua halijawa kali, hadi saa tano. Mabinti waende na mwalimu wa kike, na akina mama wawili watatu wafuatane nao. Mama asiyemwamini mwalimu na aje mwenyewe, atafaidika. Mavazi yawe ya stara na mepesi, viatu viwe vya kufunga kwa ajili ya matope ya mikoko, kila mmoja na chupa yake ya maji. Asiingie majini asiyejua kuogelea, wala asipandishwe chombo bila jaketi ya kuokolea. Tumesikia wakisema kwamba binti aliye katika siku zake atakuwa na udhia. Sisi twaona kinyume. Chuoni siku hizo hukaa nyuma hashiki msahafu na wenzake wote wanajua kwa nini. Uwandani anapima kivuli na kuhesabu mikoko kama wao.

Walimu wenzetu watatuuliza kuhusu hifdhi: saa nne hizo zitalipwa na nani? Tunawajibu kwamba hazihitaji kulipwa. Wanafunzi wanaweza kudurusu wakitembea, wawili wawili, mmoja akisoma na mwenziwe akimsikiliza.

Yule mama tuliyemtaja, binti yake alianza na matembezi ya nusu saa baada ya alfajiri, yeye na mamake na shangazi yake, siku tatu kwa wiki, katika njia ya Mama Ngina. Miezi miwili imepita. Mamake anasema bado kuna usiku mwingine usingizi humkataa, na kwamba juzuu aliyokwama ameimaliza, ameanza nyingine. Wiki iliyopita walifuatana na majirani wawili na mabinti wao, na mmoja wa wasichana alibeba fimbo ya mita 1.