Wimbo Uliofungiwa Kabatini

Mwalimu wa muziki anayeanza kazi huambiwa neno lilelile karibu kila mahali: anza na wimbo mwepesi. Noti mbili, kisha tatu, kisha tano, mtoto apande ngazi taratibu. Ushauri unaingia akilini. Lakini John Blacking, Mwingereza aliyeishi na Wavenda wa kaskazini mwa Afrika Kusini katika miaka ya 1950, aliwasikiliza watoto wa huko na kukuta mambo hayaendi hivyo. Watoto walishika kwanza nyimbo walizozisikia mara nyingi na zilizowafaa wanapocheza na wenzao, hata kama noti zake ni nyingi. Wimbo “mgumu” unaoimbwa kila jioni uwanjani, mtoto huujua kabla ya ule “mwepesi” usioimbwa na mtu.

Kitabu cha Blacking kuhusu nyimbo za watoto wa Kivenda kilitoka mwaka 1967. Kabla ya kuwa kitabu kilikuwa tasnifu ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Kwa lugha nyingine, jambo ambalo hadi leo linawasumbua waandaaji wa mitaala lilitoka kwenye daftari la mwanafunzi.

Wanafunzi wa namna hiyo wapo wengi Afrika Mashariki. Wako vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Makerere, Kenyatta na kwingineko, na kila mwaka wanarudi kutoka vijijini na vinasa sauti vilivyojaa. Wanauliza maswali ambayo mzazi wa kawaida angeyaelewa bila kufafanuliwa: mtoto hujifunzaje ngoma? Shule inampa nini, na inamnyang’anya nini? Kinachotatiza ni pale majibu yanapopatikana. Yanakwenda kwa nani?

Emily Achieng’ Akuno wa Kenya alilishika swali la shule mapema. Tasnifu yake ya uzamivu, aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Kingston nchini Uingereza mwaka 1997, ilihusu nyimbo za asili za watoto wa Kenya na namna zinavyoweza kuwa msingi wa kufundishia muziki shuleni. Kwa nini mtoto wa Kisumu aanze muziki kwa wimbo wa Kiingereza kuhusu theluji, ilhali uwanjani anaimba, anapiga makofi, anaruka na kuhesabu mapigo bila kukosea? Akuno hakuishia kwenye tasnifu. Mwaka 2005 alitoa kitabu cha mwongozo kwa walimu wa muziki, na baadaye akawa rais wa ISME, chama cha kimataifa cha elimu ya muziki kilichoanzishwa Brussels mwaka 1953. Kati ya hayo yote, huenda kile kitabu cha mwongozo ndicho kilichofanya kazi kubwa zaidi, maana mwalimu anaweza kukifungua mezani asubuhi kabla kengele haijalia.

Upande wa Uganda, Sylvia Nannyonga-Tamusuza alichagua baakisimba, ngoma ya Waganda. Kwa desturi mwanamume ndiye aliyepiga na mwanamke ndiye aliyecheza. Ngoma ilipoingia shule za bweni za wasichana, kukatokea jambo ambalo halikupangwa na mtu yeyote: wavulana hawakuwapo. Nani angepiga? Wakapiga wasichana. Utafiti wake, uliotoka kama kitabu mwaka 2005, unaonyesha jinsi mambo kama hayo ya shuleni yanavyogusa mawazo ya watu kuhusu mwanamke ni nani na mwanamume ni nani. Anayedhani somo la muziki ni kupumzisha watoto baada ya hesabu, na wamo wakuu wa shule wanaodhani hivyo, angefaidika kwa kukisoma.

Tanzania ina Kedmon Mapana, ambaye wengi wanamfahamu kama Katibu Mtendaji wa BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi, kisha mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na somo lake lilikuwa kwao hasa: Wagogo wa Dodoma. Ugogoni muziki ni utajiri wa kutosha. Kuna zeze na ilimba inayopigwa kwa vidole gumba, kuna kuimba kwa sauti nyingi zinazopishana, na kuna muheme, ngoma inayopigwa na wanawake wakiwa wameibana kati ya magoti huku mwili mzima ukicheza. Hukwe Zawose, Mgogo aliyeifikisha ilimba kwenye majukwaa ya Ulaya kabla ya kufariki mwaka 2003, hakutolewa na darasa lolote la muziki. Mtoto alikaa karibu na wakubwa, akatazama, akaiga, akakosea, akachekwa, akarudia.

Katika makala yake ya mwaka 2011, Mapana alieleza jinsi mnyororo huo ulivyokatika. Saa ambazo mtoto angekuwa na wakubwa zimechukuliwa na mambo mengine, shule ikiwemo, na shule yenyewe haikuweka kitu cha kujaza pengo. Makala hiyo ilitoka katika jarida la Uingereza la elimu ya muziki, jarida lenye heshima yake.

Hebu msomaji aifuatilie safari hiyo. Mtoto anaimba Kigogo. Mahojiano na bibi yake yanafanywa kwa Kigogo au Kiswahili. Tasnifu inaandikwa Kiingereza, na makala inachapishwa Kiingereza katika jarida ambalo mara nyingi halifunguki bila kulipia. Mwalimu wa shule ya msingi ya Chamwino, mkoani Dodoma, ambaye kesho asubuhi atasimama mbele ya mtoto yuleyule, anafundisha kwa Kiswahili. Wimbo umevuka lugha tatu na kumpita mwalimu bila hata kumbishia hodi.

Vyuo vimejaribu kulegeza fundo. Makerere, Nairobi na Kenyatta vina hazina za mtandaoni ambako tasnifu nyingi zinasomwa bure, na huo ni unafuu mkubwa ukilinganisha na enzi za nakala moja yenye jalada gumu iliyofungiwa kabatini maktaba. Lakini kurasa 300 za Kiingereza cha kitaaluma ni kabati jingine, hata likiwa kwenye simu.

Njia nyingine ni semina na makongamano. Mwanafunzi hupewa kama dakika 20 za kuzungumza, na chache za maswali. Dakika 12 huishia kwenye kueleza wataalamu waliotangulia walisema nini. Kisha inafika zamu ya video, na kila aliyewahi kuhudhuria kongamano la muziki anaijua balaa inayofuata: spika imegoma. Mtu anatambaa chini ya meza kutafuta waya. Watafiti wa muziki wanabaki kuelezana kwa maneno matupu wimbo ambao hakuna aliyeusikia.

Hata spika ikikubali, bado liko tatizo la maandishi. Waimba kwaya wengi wa Tanzania na Kenya husoma solfa, yale maandishi ya do-re-mi yaliyoanzia kwa Sarah Glover huko Norwich, yakaenezwa na John Curwen na kuletwa huku na wamisionari. Yanafaa sana kwa tenzi za kanisani. Muheme ni shughuli nyingine. Solfa haina alama ya bega, na mistari mitano ya Kizungu inaweza kuandika mapigo yanayopishana, lakini haimfanyi msomaji ahisi jinsi mpigaji mmoja anavyomsubiri mwenzake apige ndipo aingilie katikati. Mwanafunzi aliye mwerevu huiacha skrini, akawagawa wasikilizaji makundi mawili na kuwapigisha makofi yanayopishana. Baada ya dakika moja ya kukosea na kucheka, chumba kizima kimeelewa kilichomchukua yeye kurasa 40 kukiandika.

Wakati mwingine utafiti hupata bahati ya kuingia darasani. Lucy Green wa London aliwahoji wanamuziki 14, wa umri wa miaka 15 hadi 50, akiuliza walijifunzaje. Wakamwambia: kwa kusikiliza santuri, kuiga, na kufundishana na rafiki. Kitabu chake cha mwaka 2001 hakikubaki rafuni, kwani mradi wa Musical Futures ulichukua mawazo hayo ukawatengenezea walimu wa Uingereza vipindi vya kufundishia. Mpiga ngoma za kidumbak wa Unguja angeshangaa kwamba jambo hilo lilihitaji kitabu. Hata hivyo somo la pale ni namna ya kugawa: mtu fulani alilipwa kuyageuza matokeo ya utafiti yawe vipindi vya darasani. Kwetu kazi hiyo haina mwenyewe. Mwanafunzi akishavaa joho, msimamizi ameshapata mwingine wa kumsimamia.

Lakini si kila wimbo ni wa kugawa. Nyimbo za unyago zina wenyewe, na zina umri wa kuzisikia. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijulikana duniani kwa taarabu, lakini Unguja alikuwa pia kungwi wa mila hizo, akiwafunda wali. Mwanafunzi anayetafiti unyago anaweza kuwa na kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, mkononi na bado asiwe na ruhusa ya kungwi mwenyewe. Kibali cha serikali kinamfungulia kijiji tu, na mlango wa ndani hufunguliwa na wazee. Mtafiti mwenye adabu huandika kwamba alisikia, hueleza mafunzo yake kwa jumla, na maneno huyaacha yalipo.

Kinyume chake, ziko sauti zilizoondoka ambazo wenyewe wangependa zirudi. Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, alirekodi muziki wa nchi hiyo kuanzia mwisho wa miaka ya 1940. Sauti hizo zikaishia London, Maktaba ya Uingereza, na kwa miaka mingi Mganda aliyetaka kusikia ngoma za babu zake alihitaji viza. Mwaka 2009 nakala zilirudi Makerere, ambako Nannyonga-Tamusuza alisimamia kuanzishwa kwa hifadhi yenye jina la Wachsmann. Sasa mwanafunzi wa uzamili anaweza kusikiliza baakisimba ya miaka ya 1950 asubuhi, na mchana akaenda kusikiliza ya leo.

Na Chamwino? Siku hizi wengi wanaitaja kwa sababu ya Ikulu. Wapenzi wa ngoma wanaitaja kwa Tamasha la Muziki wa Cigogo, ambalo Mapana ni mmoja wa waliolisukuma tangu mwanzo. Vikundi vinakuja kutoka vijiji mbalimbali, wanawake na muheme wao, wanaume na mazeze yao marefu. Wanafunzi na wahadhiri wa ndani na nje wanakuja pia na kamera zao. Hakuna skrini wala mtu wa kuhesabu dakika 20. Watoto wanakaa chini mbele kabisa, karibu na ngoma kiasi cha kupata vumbi lake, na kabla kikundi cha kwanza hakijamaliza, mikono yao midogo imekwisha kuanza kupiga mapajani.