Askari Mstaafu Darasani: Kufundisha Historia ya Mahali kwa Masimulizi ya Wazee wa Karatu na Ngorongoro

Mwalimu-mwanafunzi mmoja, akiwa katika mazoezi ya kufundisha kwenye shule ya msingi iliyo nje kidogo ya mji wa Karatu, aliandaa somo la historia ambalo kwenye karatasi lilipendeza sana. Malengo yalikuwa wazi, hatua zilifuatana, na mahali pa zana za kufundishia alikuwa ameandika: "Mzee mmoja aliyepigana Vita vya Kagera." Nilikaa nyuma ya darasa na daftari langu. Mzee alifika mapema, amevaa koti zito na kofia, na nishani yake ameifunga katika leso. Watoto wakasimama, wakamwamkia, "Shikamoo, babu," naye akaitikia kwa furaha. Kisha mwalimu akasema, "Haya, ulizeni maswali." Mtoto wa kwanza akauliza, "Babu, uliua watu wangapi?"

Mzee aliitazama kofia yake kwa muda. Akaomba maji ya kunywa. Baada ya hapo alizungumza kwa dakika kama kumi juu ya nidhamu na usafi wa mwili, akaaga, akaenda zake. Watoto hawakupata lolote juu ya vita, na mzee, nadhani, aliondoka na uzito ambao hakuja nao.

Sikumlaumu mtoto. Kosa lilianza katika lile neno "zana". Chati hutundikwa ukutani ikangoja kutumiwa. Mzee ana kumbukumbu zake, ana haya zake, na ana mambo ambayo hata mkewe hajamsimulia. Makala haya yanakusudia kuwaeleza wanachuo jinsi ya kuliandaa darasa, kumwandaa mzee, na zaidi ya yote kujiandaa wenyewe, ili masimulizi yawe historia badala ya kuwa njia ya kumalizia kipindi.

Kwanza tujiulize kwa nini tujisumbue. Mtoto wa Karatu au Ngorongoro husoma kwamba mwaka 1959 fuvu la Zinjanthropus liligunduliwa katika Bonde la Olduvai, na kwamba mwaka 1978 nyayo za kale, zenye umri wa miaka ipatayo milioni 3.6, zilionekana Laetoli. Baada ya hapo huruka moja kwa moja hadi Uhuru. Katikati hapana babu yake. Hali nchi hii imejaa mambo ya jana. Mnamo Novemba 1914 Waingereza na Wajerumani walipigana Longido. Kule Oldeani walowezi wa Kijerumani walilima kahawa hadi vita ya pili ilipozuka mwaka 1939, wakakamatwa na kuwekwa kizuizini. Kahawa ingali inalimwa kwenye miteremko ile ile. Vijana wa Tanganyika waliingia katika jeshi la Keya, wakapelekwa Abisinia, Madagaska, na mwishowe Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944. Leo ukitaka kumsikia askari wa Keya akisimulia kwa kinywa chake, umechelewa. Utawapata watoto na wajukuu zake tu. Wale wa Kagera bado tunao, lakini kijana aliyekuwa na miaka ishirini mwaka 1978 sasa ni mzee wa fimbo.

Mwalimu hana budi kuijua mifupa ya habari kabla ya mgeni kufika. Katika Vita vya Kagera mifupa hiyo si mingi. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kuikalia nchi iliyo kaskazini ya Mto Kagera. Tarehe 2 Novemba Rais Nyerere alilihutubia taifa, na siku hizo hizo daraja la Kyaka lilivunjwa. Januari 1979 majeshi yetu yalikuwa Mutukula, mpakani. Februari yaliingia Masaka na Mbarara. Machi yalipigana Lukaya. Tarehe 11 Aprili Kampala ilikuwa imeanguka, na vita viliisha mwezi Juni. Andika matukio haya kwenye vipande vya karatasi ngumu, uvifunge kwa mfuatano katika kamba ndefu, uitundike kutoka ukuta hadi ukuta. Wazee wengi hawakumbuki kwa tarehe. Hukumbuka mvua, njaa, ndama aliyezaliwa, jina la kamanda. Mzee akisema kwamba kikosi chake kilikuta daraja limevunjwa, watoto wataitazama kamba na kumweka mahali pake. Zoezi hilo peke yake linatosha kipindi kizima.

Kamba ina faida nyingine. Humwonyesha mtoto kwamba mtu mmoja hakuiona vita yote. Askari aliyelala handakini aliona handaki lake na wenzake wawili watatu. Yaliyotokea Kampala aliyasikia redioni au kwa wenzake kama sisi. Kwa hiyo wafundishe wanafunzi kugawa ukurasa wa daftari sehemu mbili: upande mmoja "Aliyoyaona", upande wa pili "Aliyoyasikia". Msidhani kwamba upande wa pili ni wa uongo. Uvumi nao ni historia, ila ni historia ya uvumi.

Sasa maswali. Mtembelee mzee nyumbani siku kadhaa kabla, bila watoto, umweleze shabaha ya somo, na umwulize waziwazi ni mambo gani asingependa kuulizwa. Atakwambia. Kisha rudi darasani uwaeleze wanafunzi kwamba swali la kuua halitaulizwa, na uwape sababu, kwa maana mtoto aliyekatazwa bila sababu ataliuliza mlangoni mzee akitoka. Maswali yanayofungua kinywa ni ya vitu vidogo. Viatu vilikuwa vya aina gani, na vilidumu? Sehemu kubwa ya safari ile askari wetu waliikata kwa miguu, hivyo swali la viatu si la mchezo. Mlikula nini? Barua ilichukua muda gani kufika nyumbani, na nani aliwasomea wazazi wasiojua kusoma? Nani alilima shamba mwaka ule?

Swali hili la mwisho linatuleta kwa mtu tunayemsahau kila mara tunaposema "mkongwe wa vita". Mbali na wanajeshi wa kawaida waliitwa mgambo wengi, watu waliotoka moja kwa moja shambani. Nyuma walibaki wake na mama zao. Baada ya ushindi taifa liliambiwa lifunge mkanda, na miaka ya mwanzo ya themanini ilikuwa ya kupanga foleni ya sabuni na sukari. Bibi aliyefua nguo za watoto sita katika miaka ile ana habari za vita ambazo jenerali hana. Mwalike naye, na ikiwezekana siku yake peke yake, maana wakikaa pamoja mzee humjibia.

Jambo la lugha lisipuuzwe. Wazee wetu hapa husema Kiiraqw, Kimaasai au Kidatoga, na baadhi yao wakilazimishwa kusimulia kwa Kiswahili sanifu hufupisha mno. Mwache asimulie kwa lugha yake, mwanafunzi anayeijua afasiri, na maneno muhimu yaandikwe kama yalivyotamkwa kabla ya kutafsiriwa. Si jambo jipya. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati ule kilikuwa chuo kishiriki, walikwenda kusini kuwahoji wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Walifika miaka sitini na zaidi baada ya vita, wakati wengi wa waliopigana wamekwisha kufa, na bado walirudi na shehena ya masimulizi ambayo wanahistoria wanaitumia hadi leo.

Kwa walimu wa Ngorongoro nina tahadhari moja. Huko wazee hawatakosa kusimulia juu ya kuhama: kutoka Serengeti mwaka 1959, Hifadhi ya Ngorongoro ilipoundwa, na kutoka ndani ya kreta mwaka 1974. Mambo haya bado yanauma, tena si ya zamani tu. Mwalimu asigeuze darasa kuwa baraza la hukumu, wala asiyakwepe. Akusanye masimulizi zaidi ya moja, ayaandike kwa majina ya mahali na kwa miaka, na awaachie watoto nafasi ya kuona yanapopatana na yanapoachana.

Masimulizi yakishaandikwa yawekwe wapi? Maktaba Kuu ya Taifa ilifunguliwa Dar es Salaam tarehe 9 Desemba 1967, na Arusha ipo maktaba ya mkoa. Zungumza na mkutubi mapema, umwulize atapokea nini na kwa umbo gani. Nakala moja ibaki shuleni, katika kabati linalofungwa, na nakala moja apewe mzee. Kabla ya yote hayo asomewe yaliyoandikwa, kwa sauti, nyumbani kwake, aondoe anachotaka kuondoa.

Yule mwalimu-mwanafunzi nilimshauri arudi kwa mzee. Hakutaka, aliona aibu. Alirudi hata hivyo baada ya wiki moja, na wanafunzi sita, kuomba radhi, na mmoja wao akauliza habari za viatu. Walikaa hadi jua likazama. Siku ya kusomewa, mzee alisahihisha jambo moja tu: jina la rafiki yake, ambalo watoto walikuwa wameliandika kwa kukosea herufi mbili. Aliwatajia herufi moja moja mpaka likakaa sawa, akawaambia kwamba rafiki huyo amelala Kaboya, katika makaburi ya mashujaa. Hakuna mtoto aliyejua Kaboya iko wapi. Kesho yake walikuja ofisini kuomba ramani ya Mkoa wa Kagera.