Mfarishi wa kanga usio na mikunjo

Hapa Bariadi, katika Mkoa wa Simiyu unaosifika kwa pamba, nasi kwa miaka mingi tulijifunika blanketi za dukani. Baridi ya usiku wa Julai iliporejea, tulitoa sandukuni kanga za marehemu mama yetu, zilizotufikia katika mirathi, tukaazimia kuzishonea mfarishi.

Mshono wa kwanza ulijaa mikunjo. Tulipoufumua, sindano ilikuwa imekwisha acha matundu katika kitambaa kilichochakaa, na kanga hizo hazina mbadala.

Cherehani haikuwa mbovu. Meno yaliyo chini ya sindano huivuta bitana, ilhali mguu unaokandamiza juu huizuia kanga isiende kwa kasi ileile. Kanga hujikusanya mbele ya mguu, na sindano huifunga hivyo hivyo. Dawa yake ni kupiga bandi matabaka yote matatu kabla cherehani haijayagusa.

Tulifua na kupiga pasi vitambaa vyote, maana kitambaa kipya husinyaa kikiingia majini. Kisha tuliitandaza bitana sakafuni, upande wa ndani ukiwa juu, na kuzibana kingo zake kwa selotepu. Isilegee, wala isiwambwe kama ngozi ya ngoma. Iliyovutwa mno hujirudi ikiachiliwa, na mikunjo huzaliwa upya. Juu yake tulipanga pamba iliyochambuliwa, isiyo na mbegu wala mabonge, halafu kanga. Bandi tuliianzia katikati kuelekea kingoni, mistari ikiachana upana wa kiganja. Kazi hiyo ilitushika tangu Adhuhuri hadi karibu na Magharibi, magoti yakiuma. Ndipo wengi hukata tamaa na kukimbilia cherehani.

Wasiddi wa Karnataka, India, wenye asili ya Afrika, huanzia kingoni kuelekea ndani washonapo mifarishi yao iitwayo kawandi. Lakini wao hushona kwa mkono, na mkono huhisi kitambaa kikianza kujikunja. Cherehani haihisi.

Siku ya pili tulipunguza mkandamizo wa mguu, tukarefusha mshono, tukashona mstari wa kati kwanza. Mfarishi wote tuliulaza juu ya meza, usining'inie na kuuvuta mshono. Nyuzi za bandi tulizitoa mwishoni kabisa.

Kipande chenye matundu hatukukitupa. Tulikitilia kiraka kwa ndani, nacho kipo upande wa miguuni.